Taa ya Kijani ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nzima tumegombania neno moja: hiari. Hatujarushiana vikombe, lakini Lazima alinyanyuka mara mbili kwenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tangu tunaingia.

Lazima si jina lake. Tumembandika sisi, maana kwake kila kitu ni lazima. Mwachie atengeneze fomu ya kuombea kalamu, atataka jina la bibi mzaa mama. Tuko wanne, chumba kimoja, feni moja, juu ya duka la vigae: mimi na Lazima tunaandika programu, fundi anaunganisha nyaya, na Bosi anapita katikati yetu akiangalia saa. Tunatengeneza kisanduku cha dharura kwa wazee wanaoishi peke yao. Mzee anavaa kitufe shingoni. Akikibonyeza, kisanduku cha sebuleni kinapeleka wito kwenye simu ya mtu wake. Wito ukipokelewa, taa ya kijani. Usipopokelewa, nyekundu. Ni hivyo tu — na kwa hivyo tu tunatoana roho.

Ila kisanduku nacho kijue kinamwita nani! Hapo ndipo naingia mimi na skima yangu, yaani utaratibu unaosema API yetu, ile sehemu ya programu inayoongea na visanduku, inapokea taarifa zipi na kwa umbo gani. Ya safari hii ni ya anwani za soketi, yaani pale vifaa viwili vinapounganishwa mtandaoni. Nyuga mbili tu za kujaza: anwani, na poti. Anwani ni nyumba, poti ni mlango wa kuingilia. Mama nilimweleza hivyo akaelewa palepale. Bosi nilimweleza hivyo akaniuliza itachukua muda gani.

Swali lenyewe ni hili: mtu akiacha uga wazi, amesema nini? Lazima anasema hajasema kitu, arudishiwe akajaze. Mimi nasema inategemea. Poti ikiachwa wazi tunajua pa kwenda, tuna namba yetu ya kawaida. Na anwani? Kifaa kinachosikiliza, yaani kinachosubiri kuitwa, kikiachiwa anwani wazi, maana yake "sikiliza pande zote". Ndivyo mitandao ilivyo, sikutunga mimi. Toleo la kwanza aliliandika Bosi wikendi moja, na kila kitu humo ni hiari. Sasa tunaandika la pili. Tubadilishe, au tuache?

Bosi tunamwita Dakika Mbili kwa sababu ya tangazo lake: Funga mwenyewe kwa dakika mbili! Kila uga wa lazima unamkera kama kokoto kwenye kiatu. Tulipopiga kura, akapiga ya hiari. Mimi pia. Lazima akapiga ya lazima. Fundi alikuwa na mkate mdomoni, tukamhesabu hakupiga. Nimeshinda!

Jioni kaka kapiga simu. Kikao chetu cha kuzungumzia mama ni mwisho wa mwezi, na yeye ameshaandaa maneno yake. "Hicho kisanduku chenu kikileta longolongo hata mara moja, mama anahamia kwangu, sitaki mjadala." Tangu mama ateleze bafuni kaka ana wimbo huo huo. Mama hataki kusikia habari ya kuhama. Mimi ndiye niliyesema mwacheni nyumbani kwake, atavaa kitufe, akipata shida nitajua kabla ya jirani. Kaka alikubali kwa shingo upande, akakifunga mwenyewe kisanduku. Mpaka leo anajisifu: dakika moja na nusu!

Jumanne, 4 Machi

Lazima haongei na mimi ila kwa maandishi. Tunakaa meza moja. Kaniandikia kwamba uga usiotajwa kabisa, uga uliotajwa ukaachwa tupu, na uga ulioandikwa sifuri ni vitu vitatu tofauti. Nimemjibu: najua. Kajibu: unajua, lakini umepiga kura kama mtu asiyejua. Nikanunua karanga, nikaziweka katikati ya meza. Kazila. Bado haongei.

Jumatano, 5 Machi

Leo ameongea! Kwa furaha, tena. Kuna mteja kajaza uga wa anwani hivi: "Nyumba ya bluu, mkabala na kinyozi, mbwa haumi." Seva imemkatalia, ni haki yake, ilitaka tarakimu. Lazima kasoma kwa sauti kama mtu anayesoma mashairi. Ati huyu walau kasema kitu! Nimecheka mpaka nikaomba maji. Fundi anasema nyumba hiyo anaijua, na mbwa anauma.

Alhamisi, 6 Machi

Skima ya toleo la pili imepita. Anwani hiari, poti hiari. Bosi anatembea kama bwana harusi.

Nimempigia mama. Hana shida yoyote, anasema, ni miguu tu, na miguu si shida, ni umri. Kitufe unavaa? "Navaa, mwanangu, hata nikioga." Nimefurahi. Tangu kisanduku kifungwe hajawahi kuniita hata mara moja. Nikampelekea kaka ujumbe: unaona? Mama hana shida! Kaka kanijibu kwa kidole gumba. Kwa kaka hiyo ni pongezi.

Jumapili, 9 Machi

Niandike polepole.

Nimeshinda kwa mama. Mchana wote ulikuwa raha. Ni fundi cherehani, kastaafu, lakini mkasi wake haujapewa taarifa: kanipimia gauni ambalo sikuliomba, kanisuta kwa nywele zangu, halafu tukaingia kwenye habari za mke wa kaka. "Yule ni mwema kupita kiasi. Anakuoshea kikombe na chai bado imo. Niende pale nikafanye nini, niwe pambo la sebule?" Nilicheka mpaka pini za gauni zikanichoma.

Jioni akaenda kufunga mlango wa nyuma. Akarudi, akakaa kwenye kiti chake, akashika kitufe cha shingoni. Akabonyeza.

Nikaruka! "Mama, kuna nini?"

"Kuna nini wapi? Nakusalimia."

"Unanisalimia?"

"Si kila jioni nakusalimia? Nikishafunga mlango nabonyeza. Taa ikiwaka kijani najua umenipata, roho yangu inatulia, naendelea na mambo yangu. Hiyo hapo, tazama. Leo umejibu haraka, kwa sababu uko hapahapa."

Kijani kweli. Inawaka, nzuri, haina wasiwasi. Na simu yangu ilikuwa mkononi mwangu. Haikulia, haikutikisika, haikuonyesha kitu.

Nikamwambia abonyeze tena. Kijani. Simu kimya.

"Umeipata?"

Nikasema nimeipata. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Uso wake ulikuwa umechangamka, nikashindwa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mlangoni: niliaga mapema, nikasema nina kazi.

Kila jioni! Kila jioni mama ananisalimia, na kuna anayemjibu, na si mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika kabla duka la vigae halijafunguliwa. Lazima yupo, yeye huwa yupo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama na begi mgongoni. Nilitarajia anicheke. Hakunicheka. Alinivutia kiti, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, chupa ambayo hata Bosi haigusi. Hapo nikajua mambo ni mabaya.

Tukachukua kisanduku kipya kwenye rafu ya fundi, tukakifunga kama kaka alivyokifunga, kwa kufuata maelekezo ya Bosi. Yanasema: Anwani (hiari). Kaka yangu namjua. Akiona hiari, anapita. Nasi tukapita. Nikabonyeza kitufe. Kijani! Na hakuna simu hata moja iliyounganishwa na kile kisanduku.

Imetuchukua chupa nzima ya chai kuelewa. Naiandika hapa kwa maneno ya kawaida, maana Lazima anasema kisichoandikika kwa maneno ya kawaida bado hujakielewa. Skima ni moja, lakini inatumiwa na pande mbili, anayesikiliza na anayeita. Anayesikiliza akiacha anwani wazi hakuna ubaya, anasikiliza pande zote. Lakini anayeita? Unaita — unamwita nani? Seva yetu haiulizi. Ikikuta tupu inajazia sifuri, na kwa kile kisanduku, kuita kwenye sifuri ni kuita hapohapo kilipo. Sasa visanduku vyetu vyote vinasikiliza pia, kwa mpango wa Bosi wa jirani kumsaidia jirani, kisanduku kimoja kiweze kupokea wito wa kingine. Basi kisanduku cha mama kinaita, kinajisikia chenyewe, kinajiitikia "nimekupata", kinajiwashia taa. Kinapiga hodi na kujikaribisha!

Yule wa nyumba ya bluu alijaza vibaya, tukamrudisha. Wasiojaza kitu tumewapitisha wote, na tukawawashia taa.

Fundi alipoona kisanduku kinajijibu akapiga makofi. Tukamtazama. Akaacha.

Na mimi ndiye niliyeshangilia ile kura. Lazima hajagusia. Afadhali angegusia, nikagombana naye, tukaisha.

Jumanne, 11 Machi

Bosi kwanza alibisha. Halafu akabonyeza mwenyewe. Halafu akakalia katoni ya betri bila kuangalia saa, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Ni wangapi wako hivi? Hatujui kwa hakika. Seva imejaza sifuri kila mahali, kwa hiyo aliyeacha wazi na aliyeandika sifuri kwa makusudi wanafanana kama mapacha. Ndiyo ile barua ya Lazima! Haukutajwa, tupu, sifuri. Tumevikoroga uji mmoja.

Kisha Bosi akaanza kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ati sisi ni vijana hodari, ati hakuna haja ya kutia watu hofu. Mpango wake: taa tusiziguse. Kila penye tupu tujaze anwani ya ofisi, kimyakimya. Wito utaingia hapa, mambo yatakwisha.

"Na jioni hapa anakuwepo nani?" Lazima akauliza.

"Fundi."

"Nani?" akasema fundi.

Mimi nikasema hapana. Nilishangaa mwenyewe jinsi ilivyotoka. Nikasema skima ziwe mbili. Ya anayesikiliza ibaki kama zamani, anwani hiari, poti hiari. Ya anayeita: poti hiari, anwani lazima. Na kisichotajwa kibaki hakijatajwa, asiwepo mtu wa kukijazia. Kisanduku kisichojua kinamwita nani kiwake nyekundu, tangu dakika ile.

"Wazee wakiona nyekundu watahamaki."

"Wahamaki, Bosi. Sasa hivi wanaona kijani na hakuna mtu."

Aliangalia saa, lakini sidhani kama aliiona. Akasema, haya, Alhamisi. Lazima akavuta kiti chake karibu na changu, tukaanza kuandika. Ameandika neno "lazima" kwenye ile skima kwa kubonyeza herufi moja moja, taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe.

Jumatano, 12 Machi

Kaka.

Tangu juzi najishauri: nimwambie, nisimwambie? Nisipomwambia, mama anabaki kwake, kesho tunarekebisha, hakuna anayejua. Lakini leo nikiwa napiga mswaki likanijia wazo moja. Angeteleza wiki iliyopita, ingekuwaje? Angebonyeza. Angeona kijani. Angelala pale kwenye sakafu ya bafuni akinisubiri, ana uhakika kabisa kwamba nakuja. Nikatema dawa ya meno, nikampigia kaka.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Kaka akisikiliza hivyo, jiandae.

"Kwa hiyo uliniambia uongo."

"Mimi mwenyewe sikujua. Uliacha anwani wazi, kaka."

"Si mliandika hiari!"

"Hiari si kwamba usisome."

"Hiari maana yake nini basi? Nikialikwa mahali wakaniambia kula ni hiari, nisipokula nimekosea nini?"

Jamani, ana haki! Wiki nzima tumebishana kwa ustadi mkubwa, na mtu tunayemwandikia ni huyu, na anauliza swali la maana kuliko yetu yote.

Akasema hangoji mwisho wa mwezi. Jumamosi anakwenda na gari kumchukua mama. Nikamwambia kesho kinarekebishwa. Akasema kisanduku kilichojijibu jana kitajijibu na kesho. Nikamwomba angalau twende wote. "Njoo, kitinda mimba," akasema, "utanisaidia kubeba cherehani."

Najua haongei kwa ubaya. Nimeudhika vilevile. Mama bila nyumba yake atanyauka, na mimi ndiye niliyeapa kwamba kitufe kinatosha.

Alhamisi, 13 Machi

Toleo limetoka. Lo! Nyekundu kila kona. Simu nne, watu wanne, hatukukaa chini. Bosi kavua saa, kaiweka droo. Babu mmoja anasema nyekundu inapendeza na sebule yake, tumwachie. Mama mmoja hakucheka hata kidogo: binti yake yuko mbali, kumbe binti hajawahi kupata wito wake hata mmoja. Akaniuliza, "Na mara ile nilipougua?" Nimempa pole, nimeisema kwa moyo wote, na haikutosha. Fundi kumbe ana sauti ya kubembeleza! Wazee wakishaongea naye hawataki mwingine.

Mama alinipigia kabla sijampigia.

"Imekuwa nyekundu. Nimekukosea nini?"

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi, nikamweleza. Nyumba, mlango, kisanduku kinachojiita. Na kwamba Jumapili nilimdanganya.

"Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa najisalimia mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na nikajijibu vizuri," akasema. Akacheka. Mimi nilishindwa.

Nikamsomea anwani ya simu yangu tarakimu moja moja, akaibonyeza kwenye kisanduku huku akiirudia kwa sauti. Sasa hakuna kijani mpaka mimi mwenyewe niguse neno Pokea kwenye simu. Nimelitaka mimi hilo, na Lazima hakubisha hata chembe.

Jioni nilikuwa dukani kwenye foleni, trei ya mayai mkononi. Simu ikalia — mlio wetu wa kengele, sijawahi kuusikia nje ya ofisi. Mayai chini! Kwenye kioo imeandikwa: Mama. Sababu: haijajazwa. Wito wenyewe una skima yake, na humo kuna uga wa sababu, nao ni hiari, na kitufe ni kimoja, kwa hiyo hakuna anayeujaza. Nikagusa Pokea. Nikampigia.

"Nimekusalimia tu," akasema. "Imewaka. Leo umekawia kidogo."

"Kulikuwa na mayai, mama."

Nikasimama pale katikati ya ute nikilia, na mwenye duka akadhani nalilia mayai, akaniambia si kitu, dada, yatafagiliwa. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani.

Ijumaa, 14 Machi

Lazima anataka sababu iwe lazima. Nilijua tu! Anasema wito wa salamu na wito wa nyonga iliyovunjika vinafika vimefanana, utavitofautishaje? Ana haki tena, mtu huyu anachosha. Tukawaza kitufe cha pili. Fundi anasema kwenye mkufu ule haiingii hata punje ya mchele. Tukawaza kubonyeza mara mbili. Wazee mikono inatetemeka, wengine hubonyeza mara mbili bila kutaka. Nikampigia mama, si ndiye mtumiaji?

"Sababu?" akasema. "Mimi nimekuzaa. Unataka sababu gani tena?"

Nikampelekea Lazima hilo kama lilivyo. Ameliandika kwenye karatasi, halafu akasema basi ibaki hiari kwa sasa. Kwa sasa!

Kaka kampigia mama kumwambia kwamba kesho tunakuja na gari. Halafu kanipigia mimi.

"Amekubali."

"Kakwambia amekubali?"

"Hakukataa."

"Alisema nini, kaka?"

"Hakusema kitu. Kanyamaza. Mtu akinyamaza si amekubali?"

Nimemwambia hivyo hivyo ndivyo seva yetu ilivyokuwa inafanya. Hakunielewa. Kaniambia nivae viatu vya kazi.

Salamu ya jioni imefika. Nimegusa Pokea. Sikumuuliza habari ya kesho, naye hakunitajia. Tumeongelea gauni langu.

Jumamosi, 15 Machi

Tuko njiani. Naandikia gotini, barabara ni mashimo matupu. Kaka anaendesha. Nyuma kuna kamba na mablanketi ya kufungia cherehani. Amejitungia hotuba, amenijaribishia mimi: mama, si kwa ubaya, mama, sisi sote tunakupenda. Nimemwambia ni nzuri, ila haina mahali pa mama kujibu. Kakunja uso. Halafu kacheka kidogo, kaniambia tangu anione natambaa nilikuwa na mdomo. Kaka si mbaya. Ana hofu kama mimi. Hofu yake ina gari, basi.

Kaniuliza kama kweli hiyo kengele inafanya kazi sasa. Nimemwambia asubiri jioni, atasikia mwenyewe.

Imelia.

Asubuhi! Si wakati wa salamu. Mlango wa nyuma haufungwi asubuhi. Mama. Sababu: haijajazwa. Nimegusa Pokea. Nimempigia. Inaita, inaita, haipokelewi.

Kaka anauliza kuna nini. Sijui! Huenda amefunga milango yote, amekalia cherehani yake, anatuambia tugeuze gari. Anaweza, namjua. Huenda ameanguka. Huenda anauliza tu tumefika wapi. Yote matatu yanafika vilevile.

Imelia tena. Pokea. Nimepiga, haipokelewi.

Kaka kazima redio. Habari ya cherehani haitaji tena. Kasema kisije kikawa kinajiita chenyewe kama zamani. Nimemwambia hapana, kaka, hii ni mama, inafika kwangu. Kaitazama simu yangu mpaka nikamwambia atazame barabara.

Tumepita kiwanda cha matofali. Kalamu mkono huu, simu mkono huu. Kila ikilia nagusa, ili huko aliko aone kijani ajue ni mimi.

Imelia. Pokea. "Lakini anasema nini?" kaka kauliza, sauti imempasuka. Nimemwambia hajasema kitu, anatuita tu, ongeza mwendo.